Majina Yaliyorudi Daftarini

Jumatatu katika mahakama ya mwanzo ilikuwa siku ya majina ya zamani. Mahabusu waliokamatwa tangu Ijumaa usiku waliletwa wote asubuhi moja, pingu moja watu wawili, na kabla askari hajamaliza kusoma orodha yake nilikuwa nimeshayatambua majina karibu nusu. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe miezi michache nyuma, na mwaka uliotangulia, na mwaka juzi. Nilifanya kazi ya ukarani katika mahakama moja wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi nilipostaafu, na kwa muda wote huo kundi lililoongoza kwa kurudi mbele yetu lilikuwa la vijana ambao mtaani waliitwa mateja.

Mahakama ya mwanzo ni mahakama ya wanyonge. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, miaka ile wakili hakuruhusiwa kumtetea mtu pale, na hakimu aliketi na wazee wawili wa baraza ambao maoni yao yalichukuliwa kabla ya hukumu. Kwa makosa ya kawaida kifungo chetu hakikuzidi miezi 12. Kwa hiyo walioletwa kwetu hawakuwa majambazi wa bunduki. Walikuwa watu wa saitimira, betri za gari, mita za maji, mifuniko ya chemba, nguo zilizoanikwa kambani, sufuria la mama lishe lililoachwa nje lipoe. Wengine hawakuwa wameiba chochote siku waliyokamatwa. Walizolewa kijiweni na kushtakiwa kwa uzururaji, kosa lililomo katika kifungu cha 176 na cha 177 vya Kanuni ya Adhabu, na ambalo kulithibitisha hakukuwa na kazi kubwa: mtu hana ajira, hana kitambulisho, hana wa kumsemea.

Mimi ni mtoto wa mjini humu na nilikuwa na macho wakati unga, yaani heroini, unaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa wa kahawia, wa kuvuta, na wengi tuliudhani ni mambo ya mabaharia na watu waliosafiri. Ulitoka Afghanistan, ukashuka pwani ya Makran, ukavuka bahari kwa majahazi hadi pwani yetu, kisha ukaendelea kwenda Ulaya. Lakini shehena haipiti mahali bila kumwagika. Ilipokaribia 2000 ukaja unga mweupe unaoyeyuka kwa maji, na hapo ndipo sindano ilipoingia Magomeni, Manzese, Tandale na Kigogo. Sindano ikaja na Ukimwi. Makadirio ya Serikali ya mwaka 2014 yaliwataja watu wapatao 30,000 wanaojidunga nchini, na zaidi ya theluthi moja yao wakiwa na VVU. Sisi wa mahakamani hatukuhitaji makadirio. Tulikuwa na daftari.

Hukumu zetu zilianza kuharibika kabla ya kutolewa, kwa sababu ya arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga. Nafuu ya heroini haivuki saa nne hadi sita. Ikipita nusu siku mtu hajapata kete nyingine, mwili unaanza kudai. Yanaanza miayo na machozi, kamasi zinatiririka, vinyweleo vinasimama. Kisha tumbo linakata, anaharisha, anatapika, mifupa inauma mpaka mtu hajui akae upande gani. Kilele chake ni siku ya pili na ya tatu, na aliyekamatwa Ijumaa usiku alifikishwa kwetu Jumatatu. Nilikaa hatua chache kutoka kwenye benchi lao. Niliona mtu amejikunja, jasho linamtoka huku anatetemeka, na kila alipojikunja zaidi ile pingu ilimvuta mwenzake, naye akasogea bila kulalamika kwa sababu alijua. Akisomewa shtaka anakubali kabla sentensi haijaisha. Hakimu anamuuliza tena kama ameelewa anachokubali. "Nimeelewa, mheshimiwa, ni kweli." Ningeweza kuandika lile jibu nikiwa nimefumba macho. Wengi walikiri ili waruhusiwe kukaa chini, basi.

Siku moja mshtakiwa wa aina hiyo alipopewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu alisema, "Naomba mahakama inihurumie, mimi ni mgonjwa." Mzee wa baraza mmoja, mtu mzima aliyewahi kuwa bwana shamba na mwenye huruma ya kweli, akamuuliza, "Mgonjwa wa nini, mwanangu?" Yule akajibu, "Wa unga, baba." Ukumbi haukucheka. Hakimu aliinamia jalada kwa muda, akaandika miezi sita. Nami niliandika. Katika jalada palikuwa na mahali pa makosa ya nyuma ya mshtakiwa, na makosa ya nyuma huongeza adhabu. Mahali pa ugonjwa hapakuwapo.

Palipokuwa na faini, mara nyingi mama ndiye aliyelipa. Hili watu hawalifikirii wanapodai adhabu kali. Mwanamke ameibiwa sufuria na mwanawe mwenyewe, ameuza maandazi wiki nzima kwa sufuria la kuazima, na mwisho wa wiki anazifungua zile noti zilizofungwa kwenye pindo la kanga ili mwanawe asipelekwe gereza la Segerea. Nilizihesabu noti zile kwa mikono yangu, zikiwa na unga wa ngano. Nikaandika stakabadhi. Miezi miwili haikupita, jina lilelile limerudi.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Kigogo ambaye nilimfahamu zaidi ya wengine, kwa sababu mama yake alinizoea. Alikuja dirishani kwangu akanisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo dada karani," ingawa alinizidi umri, nami niliona haya nikamwahi kwa shikamoo yangu. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea, mkono wake ulisifika, na mageti ya nyumba kadhaa za mtaani kwao aliyatengeneza yeye. Alianza kwa kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi na tumbaku, akaishia kwenye sindano. Aliuza mashine ya kuchomelea ya bosi wake, na baada ya hapo zikafuata saitimira. Alifungwa, akatoka, akafungwa, akatoka. Kila alipotoka alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, na mama yake alinijia na furaha: "Safari hii ameacha, dada karani. Ameapa." Na kweli alikuwa ameapa. Huko ndani hakuwa na namna, arosto ilimpitia akiwa sakafuni. Lakini akili iliyougua miaka haiponi kwa kufungiwa. Alirudi mtaa uleule, kijiwe kilekile, bila kazi, bila wa kumuuliza ameamkaje.

Na wapo ambao hawakupata hata nafasi ya kufungwa tena. Hii niliielewa baadaye, nilipofafanuliwa na muuguzi. Mtu akikaa miezi bila unga, mwili unapoteza uzoefu wake. Siku anayotoka anajidunga kiasi kilekile alichokizoea kabla ya kifungo, na kiasi kile sasa kinamzimisha pumzi. Wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani ni wiki za hatari kuliko zote, na hilo limethibitishwa katika nchi nyingi. Kwetu lilijulikana kwa njia nyingine. Askari alileta taarifa kwamba mshtakiwa wa kesi fulani ameokotwa amekufa kwenye pagala, naye hakimu akaifuta kesi kwa sababu mshtakiwa hayupo tena duniani. Niliyafunga majalada ya namna hiyo. Wengine waliuawa na wananchi wenye hasira kwa tairi na petroli, kwa simu moja, kwa betri moja.

Wanawake walikuwa wachache daftarini, na nadhani mateso yao yalikuwa makubwa kuliko ya wanaume. Walishtakiwa kwa uzururaji au kwa kujiuza, mara chache kwa wizi. Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo ambalo sisi tulikuwa tumelisikia kwa kunong'onezwa: wanawake wa Dar es Salaam, wengi wao wakifanya biashara ya ngono, waliosaidiana wakati wa arosto kwa kudungana damu. Aliyepata unga alijidunga, akavuta damu yake kwenye bomba, akampa mwenzake asiye na kitu ajidunge hiyo damu akitumaini nafuu. Ulikuwa upendo wa kusaidiana, na ulikuwa unaua. Msichana mmoja aliyeletwa kwetu alinionyesha mikono yake bila kuombwa. Sikujua la kumwambia zaidi ya kumletea maji.

Mwezi wa Februari mwaka 2011, kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za umma kusini mwa Sahara. Mauritius ilikuwa imetangulia. Madaktari wa magonjwa ya akili, Dakta Jessie Mbwambo akiwa miongoni mwao, walikuwa wameipigania, na fedha kubwa ilitoka Marekani kupitia mpango wa PEPFAR. Mahakamani tulizisikia habari hizo kwa wasiwasi. Askari mmoja alisema Serikali sasa inawagawia mateja unga wa bure. Wazee wa baraza nao walitikisa vichwa.

Methadoni ni dawa ya maji, na miaka ile mtu aliimeza mbele ya mfamasia, kila siku, Jumapili na Idi na Krismasi zikiwemo. Inakaa mwilini saa 24 na zaidi, haimpandishi mtu, na inaondoa arosto. Anaanzishwa kidogo, anapandishwa polepole, maana ukiiharakisha inaua kama unga wenyewe. Haya nilielezwa na kijana wa Kigogo mwenyewe, na bado naona anavyoyaeleza, akipima kwa vidole kiasi cha kikombe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima, alisema, ameamka asubuhi akawa na siku nzima mbele yake. Kabla ya hapo hakuwa na siku. Alikuwa na vipande vya saa nne nne, na kila kipande kilikuwa na bei yake. Mtu anayetafuta fedha ya kete mara tatu kwa siku ataiba. Mtu ambaye mwili wake umetulia hadi kesho anaweza kuchagua. Sijawahi kusikia maelezo ya uhalifu yaliyo sahihi kuliko hayo, na nimesikiliza maelezo mengi.

Lakini nisiache jambo kubwa zaidi likapita. Hakuifuata dawa mwenyewe. Alifuatwa. Kliniki haikumpokea mtu aliyekuja tu getini; alipaswa kuletwa na asasi iliyokwisha kumfahamu mtaani, akahudhuria vikao, akawa na mtu wa kumsindikiza. Wale waliokuwa wakizunguka vijiweni, na baadhi yao walikuwa wametumia unga wenyewe miaka ya nyuma, ndio waliomkuta kwenye pagala nyuma ya karakana. Walimwendea mara nyingi. Aliwatukana, aliwadanganya, aliwaomba nauli akaenda kununulia unga. Wakarudi tena. Temeke nako, shirika la Médecins du Monde lilikuwa na kituo ambako mtu alipata sindano safi, kidonda kikaoshwa, akaoga, na hakuulizwa ameacha lini. Mtu ambaye kwa miaka amefuatwa na polisi peke yao, akifuatwa na mtu anayemjua jina na kumuuliza kidonda chake kinaendeleaje, kitu fulani kinabadilika. Nilikiona kikibadilika.

Mwaka 2012 kliniki nyingine ilifunguliwa Mwananyamala, yaani kwetu kabisa. Kabla ya hapo wateja wa Kinondoni walitembea kwa miguu hadi Upanga na kurudi, kila siku, kwa sababu nauli ya daladala ya kwenda na kurudi ni fedha kwa mtu asiye na kazi, na makondakta wengine walikataa kuwapakia. Zilifuata kliniki nyingine: Temeke, Mbeya, Mwanza, Dodoma, na Zanzibar pale Kidongo Chekundu. Mimi naeleza daftari langu. Baada ya kufunguliwa Mwananyamala, Jumatatu zetu zilianza kubadilika. Yapo majina niliyokuwa nikiyaandika kila baada ya miezi michache ambayo sikuyaandika tena hadi nikastaafu. Mwanzoni nilidhani wamekufa, ndivyo tulivyozoea. Kisha nikaanza kuwaona: mmoja anaosha magari, mmoja anapiga debe kituoni, mmoja anauza mihogo ya kukaanga nje ya geti la hospitali.

Haikuwa hivyo kwa wote. Wapo waliomeza dozi asubuhi na jioni wakanywa pombe kali, au wakaongeza vidonge vya usingizi, na waliendelea kuiba. Wapo waliotulia kabisa lakini hawakuwa na pa kwenda baada ya saa mbili asubuhi, wakabaki nje ya kliniki siku nzima, na wauza unga wakajua pa kuwapata. Dawa inampa mtu siku nzima. Kazi ya kuijaza siku hiyo dawa haitoi. Fundi asiye na mashine ya kuchomelea bado hana kazi hata akiwa hana arosto.

Kilichoniuma zaidi miaka ile ni kuona mikono miwili ya Serikali moja ikivutana. Mteja wa methadoni anakamatwa asubuhi akiwa njiani kwenda kunywa dozi, kwa sababu anatembea na watu wanaofanana naye. Anakaa kituoni siku tatu. Dozi imekatika. Methadoni ikikatika siku kadhaa huwezi kuendelea pale ulipoishia, lazima dozi ishushwe na kupandishwa upya, na katika siku hizo mtu anarudi kwenye unga. Kazi ya miezi minane ya muuguzi na mhudumu wa jamii imebomolewa na shtaka la uzururaji. Nilikuwa nimeanza kuwatambua: walibeba kadi ya kliniki ndani ya nailoni, na walipopanda kizimbani walijaribu kuionyesha. Hakimu mmoja, kijana aliyekuja kwetu miaka hiyo, alianza kuzipokea zile kadi na kuzisoma. Aliagiza mtu aitwe kutoka kliniki. Akatumia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomruhusu hakimu, kwa kosa ambalo kifungo chake hakivuki miaka mitatu, kumwachia mtu afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda jela. Sheria hiyo ilikuwepo muda wote. Ilikwama kwa sababu afisa anapaswa kwanza kuleta taarifa ya mshtakiwa: anaishi wapi, na nani, nani atamsimamia. Teja halali mahali pamoja, na mjumbe wake hamtaki. Alipopatikana mhudumu wa mtaani wa kusema "huyu ni wetu, tunamjua, kila asubuhi saa moja yuko dirishani kwetu," taarifa ikaandikika na sheria ikafanya kazi.

Ndivyo nilivyomwona tena yule kijana wa Kigogo. Aliingia ukumbini amevaa shati la mikono mirefu na kitambulisho cha asasi shingoni, amekuja kumsemea mwingine. Alinisalimu, "Shikamoo mama," maana nami umri ulikuwa umekwenda, akasimama mahali panaposimama mashahidi. Alieleza vizuri, kwa utulivu, bila kumwombea mwenzake zaidi ya ukweli. Wakati huo alikuwa ametibiwa pia kifua kikuu, na hapo nilijifunza jambo jingine: dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huiyeyusha methadoni mwilini haraka, mtu akashikwa na arosto ingawa hajakosa dozi hata moja. Kama wahudumu wa pande mbili hawazungumzi, mgonjwa anaonekana mwongo na anarudi kwenye unga. Wa kwake walizungumza. Dozi ikapandishwa, akamaliza matibabu.

Sasa niseme kuhusu wale ambao Jumatatu zao hazikubadilika. Mashtaka yao yalikuwa ya kushambulia, kuharibu mali, kutoa lugha ya matusi, kuvunja kioo cha duka. Walikuwa wagonjwa wa akili. Wengine walitumia bangi au unga pia, na wengine hawakutumia chochote. Kwa kosa kubwa kama mauaji sheria inayo njia: mahakama za juu humpeleka mshtakiwa Taasisi ya Isanga, pale Dodoma karibu na Hospitali ya Mirembe, na daktari ana siku 42 za kutoa taarifa ya akili yake. Kwa aliyevunja kioo njia hiyo ilikuwa ndefu mno kuliko kosa. Alihukumiwa kama mtu mzima wa akili, au aliachiwa huru kwa huruma, na njia zote mbili zilimrudisha kwetu.

Mama mmoja wa Tandale alimleta mwanawe mwenyewe. Alikuwa ndiye mlalamikaji: mtoto alimpiga kwa mchi. Hakimu alipomuuliza anataka mahakama ifanye nini, alisimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasema, "Mheshimiwa, nakuomba umfunge mwanangu. Sina dawa, sina mlango, na majirani wamesema akitoka tena watamchoma." Kijana alikuwa amewahi kutibiwa. Alikuwa akipata sindano ya mwezi, akatulia, akawa anamsaidia mama yake kuchota maji. Kisha sindano ikakosekana hospitalini miezi kadhaa, na duka la dawa lilitaka fedha ambayo hakuwa nayo. Hakuna aliyekwenda nyumbani kwao kuuliza kwa nini hajaonekana kliniki. Mteja wa methadoni akikosa siku tatu, kulikuwa na mtu wa kwenda kumtafuta. Huyu alipotea miezi minne na hakuna aliyejua, hadi alipomwaga damu ya mama yake. Alifungwa. Mama alishukuru.

Inaniuma kwa sababu hatukuwa wageni wa jambo hili. Enzi za Mwalimu nchi hii ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kile cha Hombolo nje ya Dodoma kikiwa kimojawapo, ambako mgonjwa aliishi na ndugu zake, akalima, akapata dawa, akaonekana kila siku na watu wanaomjua. Tulikuwa tumeshafikiri hivyo wakati nchi ina madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole. Vijiji vile tukaviacha vikafifia.

Nilistaafu nikiwa na imani moja, na miaka iliyofuata haijaipunguza. Kwa makosa ya watu hawa, kifungo hakikumzuia mtu kurudi. Nilivyoona vikimzuia ni viwili, na vilikwenda pamoja: dawa isiyokatika, na binadamu anayelipwa kwenda kumtafuta mtaani pale anapokosekana. Palipokuwa na vyote viwili, jina lilitoka daftarini. Pale tulipotoa kimoja bila kingine, lilirudi. Mimi nasema hayo kwa kuwa niliyaandika majina.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nilipigiwa simu na watu wa asasi ninaowafahamu. Wauguzi wa Serikali walibaki dirishani, ila wahudumu wa mtaani, wale wa kufuata, waliambiwa wakae nyumbani. Kwa zaidi ya miaka kumi tumemwachia mfadhili sehemu ya kazi iliyo muhimu kuliko zote, na tukaiona kama nyongeza.

Mhudumu wa mtaani anagharimu posho, nauli na viatu. Mfungwa anagharimu chakula, askari, dawa, karandinga na kurudi. Mwaka wa fedha huanza Julai, na halmashauri hupitisha bajeti zake kabla ya hapo, katika vikao ambavyo madiwani wetu wanaketi. Nawaomba waweke humo fungu la wahudumu wa uraibu na wa afya ya akili kwa kila kata, sindano ya mwezi isiyokosekana, na mtu mmoja wa afya anayekaa mahakama ya mwanzo kila Jumatatu. Nawe unayesoma, kama mtaani kwenu kuna mama anayefungia mlango kwa waya kwa sababu ya mwanawe, mwendee diwani wako kabla kikao hakijafungwa, umtajie nyumba hiyo.